Je, Yafaa Kamera Zifunge Picha kwa Ufunguo?

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika kurasa zetu za Kiswahili ili nitoe shauri langu juu ya jambo linalomhusu kila mwanafunzi mwenye simu mfukoni, na kila mwanafunzi wa zamani aliyepata kusimama mbele ya kamera. Swali lenyewe ni hili: Je, yafaa kamera za siku hizi zifunge picha zilizomo ndani yake, hata asiweze kuzifungua mtu ila mwenyewe? Najua wako watakaosema, "Hayo ni mambo ya wapelelezi na watu wa magazeti, sisi yatuhusu nini?" Mimi si mpelelezi. Tangu nilipoondoka shuleni kazi yangu ni kupiga picha za harusi, za ubatizo, za mahafali na za vitambulisho. Nami nasema yatuhusu sana.

Kwanza tutazame hali ilivyo. Katika siku za filamu, picha haikuonekana mpaka imesafishwa kwa dawa katika chumba cha giza. Mwizi akiiba kamera na kuifungua mwangani kwa pupa, filamu huungua, na siri za watu hupotea pamoja nayo. Leo mambo ni mengine. Picha hukaa katika kadi ndogo ya milimita 32 kwa 24, kama stempu ya barua. Mtu ye yote akiichomoa na kuitia katika kompyuta yo yote, picha zote zafunguka mbele yake bila kuulizwa jina wala neno la siri. Kadi hizo zina kidude kidogo ubavuni cha kusukumwa juu na chini, na vijana wengi hudhani ni kufuli. Si kufuli. Kazi yake ni kuzuia picha zisiongezwe wala zisifutwe. Kuzitazama hakukuzuia hata kidogo.

Tena iko hatari nyingine isiyojulikana na wengi. Ukifuta picha katika kamera, kwa kawaida picha yenyewe haiondoki papo hapo. Kinachofutwa ni jina lake katika orodha, mfano wa mtu aliyechana ukurasa wa yaliyomo katika kitabu akaziacha sura zote mahali pake. Mpaka picha mpya ziandikwe juu ya zile za kale, programu za kuzirudisha zapatikana bure, na mtoto wa darasa la saba aweza kuzitumia. Tena picha nyingi huchukua ndani yake siku na saa zilipopigwa, na zile za simu mara nyingi huchukua hata mahali. Basi atakayeokota kadi yako hakuokota nyuso tu, ameokota na habari za watu walikuwa wapi, lini, na pamoja na nani.

Sasa, kufunga picha ni nini? Wataalamu huliita jambo hili usimbaji fiche. Maana yake si kuiweka picha mahali pa mafichoni, bali ni kuigeuza kwa hesabu hata iwe mchanganyiko usio na maana kwa mtu asiye na ufunguo. Ufunguo wenyewe ni tarakimu. Njia inayotumika zaidi duniani huitwa AES. Ilibuniwa na Wabelgiji wawili, Joan Daemen na Vincent Rijmen, na serikali ya Marekani ikaifanya kanuni yake mwaka 2001. Katika namna yake iliyo imara kabisa, idadi ya funguo zinazowezekana ni hesabu yenye tarakimu 78. Wapenzi wa hisabati katika Kidato cha Nne na wajaribu kuiandika hesabu hiyo, kisha wajiulize mwizi atajaribu funguo ngapi kabla hajazeeka.

Wala jambo hili si ndoto. Simu za iPhone hufunga picha kwa namna hiyo zenyewe tangu 2014. Mwaka 2015 Google iliagiza kwamba simu mpya za Android zenye nguvu ya kutosha zifanye vivyo hivyo, na tangu 2019 hata simu mpya za bei ndogo zimeingizwa katika amri hiyo. Lakini kamera zilizo nyingi katika maduka yetu hazifanyi. Ajabu iliyoje! Simu yangu imefungwa, na kamera yangu, iliyonigharimu mara tatu ya simu hiyo, iko wazi kama kikapu cha nyanya sokoni.

Watu wa magazeti waliliona jambo hili zamani. Mwezi wa Desemba 2016, wapiga picha na watengenezaji filamu zaidi ya 150 waliandika barua ya wazi kwa kampuni tano, yaani Canon, Fuji, Nikon, Olympus na Sony, wakiziomba zitie ufunguo katika kamera zake. Barua hiyo ilitolewa na shirika la Marekani liitwalo Freedom of the Press Foundation. Mmoja wa waliotia sahihi ni Laura Poitras, ambaye filamu yake Citizenfour ilipata tuzo ya Oscar mwaka 2015. Bibi huyo alieleza mahakamani mwaka huo huo kwamba kati ya 2006 na 2012 alikuwa amesimamishwa na kupekuliwa mipakani zaidi ya mara 50.

Kwa nini waliomba? Kwa sababu picha ni shahidi, na shahidi huwa na adui. Sisi wa nchi hizi za maziwa makuu twapaswa kulijua neno hili kuliko wengine, maana mfano wake mkubwa ulitokea kwa jirani zetu wa Kongo. Mwaka 1904, wakati nchi ile ilipokuwa mali ya Leopold, mfalme wa Wabelgiji, mzee mmoja aitwaye Nsala alifika misheni ya Baringa akichukua kitu kilichofungwa katika majani. Kilikuwa ni mkono na mguu wa binti yake mdogo, aliyeuawa na walinzi wa kampuni ya mpira. Alice Seeley Harris, mmisionari Mwingereza, alimpiga picha mzee yule ameketi barazani akiyatazama mabaki ya mwanawe. Picha hiyo na nyingine kama hizo zilionyeshwa katika mikutano huko Uingereza, na watu waliokuwa wamekataa kuamini maneno wakaamini macho yao. Mwaka 1908 Leopold akanyang'anywa Kongo.

Mfano wa pili ni wa siku zetu hizi. Katika Syria, askari mmoja mpiga picha aliyeitwa kwa jina la siri "Caesar" alilazimishwa na kazi yake kupiga picha za maiti za wafungwa waliokufa kizuizini. Alizinakili kwa siri, na mwaka 2013 akatoroka na picha zaidi ya 50,000. Fikirini ndugu zangu, mtu huyo akipita mbele ya walinzi na ushahidi huo mwilini mwake! Kama mlinzi mmoja angaliutia katika kompyuta na kuufungua, pasingalikuwapo Caesar wala ushahidi.

Lakini hapa nataka kuachana na wenzangu wengi wanaolitetea jambo hili. Wao husema, "Ufunguo humlinda mpiga picha na kazi yake." Mimi nasema sivyo hasa. Ufunguo hauilindi picha isiharibiwe. Mtu mwenye bunduki akitaka kuikanyaga kadi yako, ataikanyaga, iwe imefungwa au haikufungwa. Na kama Bibi Harris angalipokonywa vioo vyake vya picha njiani na kuvunjwa, hakuna hesabu ya duniani ambayo ingaliviunga. Dawa ya kupotea ni kuwa na nakala ya pili mahali pengine. Ufunguo kazi yake ni nyingine: humlinda yule aliyemo ndani ya picha. Mpiga picha aweza kukimbia, aweza kukana, aweza kununua kamera nyingine. Aliyepigwa picha hawezi kuubadili uso wake.

Nitoe habari ya karibu ili nisionekane kwamba nasema juu ya vita na wafalme tu. Mwenzangu mmoja wa kazi, ambaye simtaji, alipokonywa mfuko wake usiku katika kituo cha basi alipokuwa akirudi kutoka harusini. Kamera alinunua nyingine baada ya miezi michache, tukachekea hasara yake kama wanaume wachekavyo. Lakini kadi ile ilikuwa na picha za bibi arusi na shoga zake wakivalishwa chumbani kabla ya kwenda kanisani, picha ambazo zilikusudiwa kuonwa na mama zao na shangazi zao basi. Kabla ya wiki mbili kwisha, zilikuwa zikipita katika simu za vijana wa mji ule, na chini yake maneno ya kejeli. Kwa hesabu ya polisi, aliyeibiwa ni mpiga picha. Bibi arusi hakuibiwa hata kitambaa. Lakini yeye ndiye aliyekaa miezi asiende sokoni, na ndiye aliyeulizwa maswali na wakwe zake kana kwamba amekosa. Maji yakimwagika hayazoleki.

Tazameni basi: yule dada hakuchagua kamera. Hakuulizwa kadi itakaa wapi usiku. Aliuamini uso wake na heshima yake kwa mtu aliyepewa kazi, naye mtu huyo hakuwa na kufuli la kufungia hata kama angalitaka. Hii ndiyo sababu nasema kwamba picha ya mtu si mali ya mpiga picha peke yake, ni amana. Na mwenye kuweka amana ya watu asipewe sanduku lisilo na kufuli.

Sasa nijibu maneno ya wanaopinga, maana katika mijadala yetu ya Jumamosi tulifundishwa kwamba hoja isiyojibiwa ni hoja iliyoshinda.

Neno la kwanza husema: "Kamera itakuwa nzito na ya polepole, na mpiga picha wa mpira atakosa goli." Hofu hii si ya kipuuzi, kwa kuwa kamera kubwa za leo hupiga picha nyingi kwa sekunde moja. Lakini Google, ilipoona kwamba simu za bei ndogo hazina nguvu ya kutumia AES kwa haraka, ilibuni njia nyingine nyepesi iitwayo Adiantum, ikaitoa mwaka 2019. Ikiwa simu ya maskini yaweza kufunga picha zake, kamera ya tajiri yashindwaje? Tena Canon yenyewe iliwahi kuuza, tangu mwaka 2007, chombo cha kufunga picha kwa ajili ya kamera zake kubwa za EOS-1D. Basi maarifa yapo; kilichopungua ni nia.

Neno la pili: "Mtu akisahau neno la siri, harusi nzima imepotea." Hili ni kweli, wala sitalipunguza. Picha iliyofungwa vizuri, ufunguo ukipotea, imekwenda, na hakuna fundi wa kuirudisha. Kwa hiyo mimi sisemi kila kamera ifungwe kwa nguvu. Nasema kila kamera iwe na kufuli, na mwenyewe achague kulifunga au kuliacha. Mlango wa nyumba una kitasa, lakini hakuna sheria inayokulazimisha kujifungia mchana. Na mwenye kufunga afanye kama afanyavyo mwenye busara na ufunguo wa nyumba: nakala ya pili iwekwe kwa mtu wa kuaminika.

Neno la tatu ni zito zaidi: "Askari kwenye kizuizi cha barabara akiona kadi isiyofunguka, atashuku, atakupiga hata useme neno la siri." Kwa hili yako maarifa mazuri ambayo wengi hawayajui. Liko kufuli la kubana, lile la chuma ambalo hulifunga kwa kulibana tu, bila ufunguo. Ufunguo wahitajiwa wakati wa kulifungua. Tangu 1976 na 1977 wanahisabati wa Marekani walionyesha kwamba tarakimu nazo zaweza kufanywa hivyo: tarakimu moja ya kufungia, na nyingine ya kufungulia. Basi kamera yaweza kuchukua kufuli peke yake, na ufunguo ukabaki nyumbani au ofisini. Mpiga picha akisema, "Bwana, mimi mwenyewe siwezi kuzifungua hapa," atakuwa amesema kweli. Hasara yake ni kwamba naye hawezi kuzitazama tena picha zake njiani. Tena sisemi kwamba kila askari atamsadiki. Kuna watu wasiosadiki kitu. Lakini hata akiumia yeye, walio ndani ya picha hawatakabidhiwa. Kwa harusi labda njia hii haihitajiwi. Kwa mtu anayepiga picha za wakimbizi au za wenye kuteswa, naona yahitajiwa sana.

Neno la nne: "Mkiwapa watu wote kufuli, wahalifu nao watalipata, na polisi watashindwa kazi." Hofu hii naiheshimu, hasa kwa sababu wako watu waovu wanaopiga picha za aibu za watoto. Lakini mwovu huyo tayari ana simu mfukoni yenye kufuli tangu miaka hiyo niliyoitaja. Kuwanyima kufuli wapiga picha wa harusi hakumnyimi yeye kitu. Tena sheria haikosi mikono. Katika Uingereza, sheria ya mwaka 2000 yaruhusu mtu aagizwe kutoa ufunguo, na akikataa aweza kufungwa. Katika New Zealand, sheria ya forodha ya 2018 yaweza kumtoza faini hadi dola 5,000 za nchi ile msafiri anayekataa kufungua chombo chake mpakani. Na mwaka 2014 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua katika kesi ya Riley kwamba polisi, kwa kawaida, hawana ruhusa ya kuipekua simu ya mtu waliyemkamata pasipo hati ya hakimu. Hukumu hiyo ndiyo inayonipendeza kuliko zote. Kufuli halimzuii hakimu; lamzuia mdadisi asiye na hati, na mwizi.

Nasi hapa Uganda hatukosi msingi. Kifungu cha 27 cha Katiba yetu ya 1995 kimekataza upekuzi usio halali wa mtu, nyumba yake au mali yake, na kuingilia faragha yake. Tena sheria ya mwaka 2019 juu ya ulinzi wa habari za watu yamtaka anayekusanya habari hizo azilinde zisipotee wala zisichukuliwe na asiyestahili. Uso wa mtu ni habari gani, kama si habari yake ya kwanza? Sheria yatwambia tulinde. Waundaji wa kamera watuuzia sanduku lililo wazi. Hapo pana kasoro, na si haki kumlaumu mpiga picha peke yake.

Wako watakaoniambia kwamba siku hizi waundaji wameanza kutia muhuri katika picha. Ni kweli. Kamera ya Leica M11-P, iliyotoka Oktoba 2023, ilikuwa ya kwanza kutia katika picha alama ya kuonyesha ilipigwa na kamera gani na kama imebadilishwa, na kampuni nyingine zimefuata. Ni jambo jema katika siku hizi za picha za uongo. Lakini muhuri si kufuli. Muhuri wamwambia msomaji, "Picha hii ni ya kweli." Haumlindi aliyepigwa, pengine wamzidishia hatari, maana sasa hawezi hata kukana kwamba ndiye. Kwa hiyo waliofanya kazi ya muhuri wana deni la kufanya na kazi ya kufuli.

Mpaka siku hiyo itakapofika, nawasihi wadogo zangu mlio shuleni mambo manne. Msiache picha za watu katika kadi kwa majuma. Zihamisheni siku ile ile katika kompyuta au simu iliyofungwa kwa neno la siri. Msiuze wala kuazima kadi mliyoifuta tu kwa kidole, kwa maana mmekwisha jua kilichobaki ndani. Wenye simu za kutia kadi ya nje, msiweke picha za watu katika kadi hiyo, kwani mara nyingi haifungwi pamoja na simu. Na la mwisho, ambalo halihitaji fundi: mwulizeni mtu kabla ya kumpiga picha, na akisema hataki, basi hataki. Picha isiyopigwa haiibwi.

Nanyi wanafunzi wa zamani, ambao baadhi yenu ni wanasheria, wahandisi na wenye maduka, nawaombeni neno moja tu. Mnaponunua kamera ya kanisa, ya ofisi au ya shule, mwulizeni mwenye duka, "Hii yafunga picha zake?" Atasema hapana, au atasema hajui. Mwulizeni hata hivyo. Mwenye duka akiulizwa na kumi atamwuliza aliyemletea, naye atamwuliza aliyeunda. Barua ya watu 150 mashuhuri yaweza kutiwa kabatini. Wanunuzi hawatiwi kabatini.

Haya ndiyo mawazo yangu. Kama yuko mwenzangu anayeona nimepotoka, hasa katika lile neno la tatu la askari na kizuizi, na aandike katika toleo lijalo. Nitayasoma majibu yake kwa furaha.

Ni mimi mwenzenu,
Mwanafunzi wa Zamani, Mpiga Picha